Mkurugenzi wa Chumba cha Uani

Siku hizi sheria inamtaka kila mkurugenzi wa kampuni ya umeme aishi kwa mteja, na umeme ukikatika, akae naye gizani. Sisi tumepewa Mzee Kibwana. Tangu ahamie chumba cha uani, taa hazijazimika hata mara moja. Nauza barafu, na mume wangu amenenepa.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi nampa chapati na chai ya tangawizi.

Jana alikuja mkaguzi wa serikali. Kampuni ishtakiwe au isishtakiwe, neno ni la mwenyeji. Jirani yangu Mwanaidi, wa ng'ambo ya barabara, akaja mbio na beseni la samaki waliooza. Kwao giza wiki nzima.

"Mwambie, shoga yangu," alininong'oneza.

Mzee Kibwana alikuwa anapuliza chai yake, wala hakuinua macho.

"Hatuna malalamiko," nikasema.

Mwanaidi akajitwika beseni lake, akaondoka bila kuaga. Harufu ikabaki. Nikafunga dirisha linalotazama kwake. Feni si ipo? Upepo wa nje wa nini?