Doa Lenye Macho

Dobi alishakunja mikono ya gauni, brashi anayo. Wakwe wa binti yake walikuwa njiani, na mawe yote ndani ya tangi la samaki pale sebuleni yalikuwa na utando wa kijani. Mumewe aliuotesha makusudi, eti ndicho chakula cha samaki wake, wale bapa wa vijito vya milimani wanaojibandika kwenye mawe maji yasiwachukue.

"Mama watoto, nakusihi, niachie hata jiwe moja."

"Uchafu ni uchafu, baba watoto."

Akazamisha mkono, maji ya baridi yakamfika kiwikoni. Akalenga doa dogo kuliko kifungo cha shati.

Doa likasogea.

Akalifuata kwa brashi. Likasogea tena, na safari hii likamkodolea macho mawili meusi. Miaka thelathini ya udobi, hajaona doa la namna hiyo! Pembeni yake yalikuwapo mengine manne.

"Wamezaa!" Kigelegele kikamtoka. Mumewe akaja mbio, wakabananisha pua kiooni, wakicheka.

Hodi ikapigwa.

"Karibuni!" dobi akaitikia bila kugeuka. "Ila tembeeni polepole, jamani. Humu ndani mna watoto wachanga."