Tabaka Lililofumbwa Jicho

Mchoraji alifumba jicho moja, na kipara kikatoweka. Nywele nyeusi tele zikarudi kichwani kwa yule mtu wa kwenye kompyuta, na mashavu yakajaa tena.

Si jicho lake alilolifumba. Picha za kompyuta hupangwa kwa matabaka, moja juu ya jingine kama karatasi za plastiki, na kila tabaka lina kijicho chake pembeni. Ukikibofya, tabaka linajificha. Ukitoa picha ya kumtumia mtu, matabaka yanayoonekana hugandamana yakawa kitu kimoja, na lililofichwa halisafiri. Hubaki kwenye faili la kazi, nyumbani, kama alivyobaki mchoraji mwenyewe katika chumba chake chenye kiti kimoja.

Alikuwa akichora mtoto wa mtu. Mama mmoja alikuwa ameweka tangazo mtandaoni: mwanawe aliondoka nyumbani akiwa kijana mbichi, hajarudi, na picha pekee iliyopo ni ya enzi hizo. Mchoraji aliliona tangazo, akalisoma mpaka macho yakamwuma, kisha akamwandikia kwamba angemchorea bure jinsi mwanawe anavyoonekana sasa.

"Mungu akubariki, mwanangu," mama akajibu kwa sauti aliyoirekodi, akimwita vile mama yeyote anavyomwita kijana wa watu.

Tangu hapo simu ya mchoraji, iliyozoea kulala fofofo, ikapata kazi. Mama alikuwa msemaji. Alisimulia sikio moja la mwanawe lililosimama kuliko jingine, alivyokuwa akilamba sahani mpaka inang'aa, alivyogombana na baba yake kwa maneno ambayo leo yangechekesha.

"Na mzee mwenyewe keshajifia," alisema siku moja. "Sasa huyu mtoto anamkimbia nani?"

Siku hiyo mchoraji hakushika kalamu. Alilala kitandani na viatu miguuni mpaka giza likaingia.

"Mbona hupigi nikasikia sauti yako?" mama alilalamika safari nyingine. "Hayo maandishi yako yananitoa machozi, macho haya si ya jana."

"Maiki ya simu yangu imekufa, mama," aliandika.

"Basi izike, ununue simu nyingine!"

Alicheka, na kicheko chake mwenyewe kikamshtua. Kilikuwa hakijasikika humo ndani muda mrefu.

Kila alipotuma picha, mama aliitazama akasema, "Amefanana, lakini siye." Naye akarudi kuchora. Faili la kwanza alikuwa ameliita "mwisho", likafuata "mwisho kabisa", kisha "mwisho kweli". Na kila mara, kabla ya kutoa picha, alilifumba jicho lile tabaka la juu.

Ndilo alilolifanyia kazi kuliko yote: kipara, mifuko chini ya macho, mdomo wa mtu asiyeongea na watu. Lilikuwa sahihi, na alijua. Angelituma hilo, anayetafutwa angetambuliwa siku hiyo hiyo, na mazungumzo haya, jinsi yalivyokuwa, yangekwisha. Nafsi ilimsuta. Mama wa watu anatafuta mtoto, na yeye anamzungusha ili asubuhi asikose kusikia sauti yake.

Ndipo akakosea. Majina ya mafaili yale yalifanana mno. Badala ya picha, akatuma faili la kazi lenyewe, na matabaka yake yote, na majina aliyoyapa, majina ambayo mchoraji huyaandika akijua hakuna mwingine atakayeyasoma. Aligundua likiwa limeshafika.

"Hili limekataa kufunguka, mwanangu," mama akasema. "Simu inaniletea vidude tu."

"Samahani mama, nimekosea. Lifute."

Akatuma picha yenye nywele tele. Akashusha pumzi, akajipapasa utosi. Kisha akajikuta ana uchungu, kama mtu aliyebisha hodi akaondoka kabla hajafunguliwa.

Mama akanyamaza. Hakusema kama amefanana, hakusema kama siye. Siku zikapita. Mchoraji alifua shati lililokuwa safi. Aliifunika simu, akaifunua, akaifunika tena. Mwisho uzalendo ukamshinda, akaandika: "Mama, uko salama? Au umechoka kutafuta?"

Hakujibiwa. Alijua amestahili, na bado ilimwuma kuliko alivyotarajia. Alikaa kwenye kile kiti kimoja akiitazama ile picha, akifumba kijicho na kukifumbua, kipara kikija na kuondoka.

Simu ikalia. Safari hii mama hakutuma sauti. Alikuwa ameandika, herufi kwa herufi, yeye na macho yake mabovu:

"Mwanangu, nilipeleka simu kwa fundi wa kompyuta, akalifungua lile faili, akafumbua na vijicho vyote. Hilo tabaka la juu uliloliita MIMI lina kipara cha baba yako."