Zamu ya Gethsemane

Jiryis aliamshwa na mkoromo wake mwenyewe. Alikuwa chali kwenye benchi, mdomo wazi, majani ya mzeituni yamemjaa kifuani. Alitazama saa. Saa saba na robo.

"Mungu wangu! Afaf!"

Asubuhi ile, akiwa kitandani hospitalini anatafuna mkate na yai, mkewe alikuwa amemwambia, "Napasuliwa saa nne. Nenda Gethsemane ukaniombee. Usirudi mpaka umalize." Jiryis, aliyekesha kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda hicho siku kumi na moja, alitii.

Miaka ishirini alikuwa amefundisha katekisimu. Kila Alhamisi Kuu aliwacheka, mbele ya watoto, wale mitume watatu walioshindwa kukesha bustanini humu. "Ningekuwa mimi!" alijigamba. Lo! Angalau wenzake walilala usiku. Yeye kalala mchana kweupe, katikati ya Baba Yetu, tena hata kwenye "mkate wetu wa kila siku" hakufika.

"Padri, mbona hukuniamsha?" alimfokea Padri Fulgensio, mtunza bustani, aliyekuwa amesimama getini akiwazuia mahujaji wasiingie.

"Ulikuwa unaomba kwa sauti kubwa," padri alijibu. "Niliona vibaya kukukatiza."

Jiryis alipanda mlima mbio kurudi hospitalini, tumbo limetangulia, akitunga uongo njia nzima. Wodini alimkuta Afaf ameketi, anachana nywele. Akapiga ishara ya msalaba kwa furaha. Kumbe Mungu hakuyahitaji maombi yake hata kidogo.

"Umeniombea, Baba Suhail?"

"Kila dakika!"

"Mwongo wee! Padri amenipigia simu. Anasema umewafukuza hata njiwa."

Jiryis akaanguka kitini, akafunika uso kwa viganja. "Nisamehe, Mama Suhail. Saa tatu nzima uko chini ya kisu, mimi nakoroma. Mume gani mimi?"

Afaf aliweka kitana chini, akamwondoa mikono usoni. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Upasuaji ni kesho, mume wangu," alisema. "Naogopa sana. Leo nilikutuma ukalale, kesho nataka uwe macho."