Kitana cha Mzee Mapafu

Fundi alimpangia binti mezani vitana vitatu vya kinanda cha mdomo. Kinanda cha baba wa binti kilikuwa kimefunguliwa, na kitana chake cha ndani, chenye vijitundu vya kupitishia pumzi, kilikuwa kimeoza kwa mate ya miaka mingi.

“Chukua hiki cha mbao,” alisema, akikipapasa kama shavu la mjukuu. “Nimekichonga mwenyewe. Kikilia, hata jirani mliyenuniana naye atasogea dirishani. Mzee Mapafu mwenyewe atanishukuru.”

Mtaa mzima ulimwita baba wa binti hivyo, kwa kupuliza jioni nzima bila kutua.

Binti hakukigusa. “Kipi hakitaki pumzi nyingi?”

Fundi akakisukuma kando cha mbao, akamsogezea cha plastiki, cheusi, kisicho na sura.

“Hiki hakivujishi. Hata pumzi ya mtoto inakitosha.”

“Basi hicho.”

“Njoo Jumatatu, mwanangu,” alisema kwa mazoea.

Binti aliinamisha macho. “Jumatatu ni mbali kwa baba, fundi.”

Fundi akafunga mlango wa duka, akashika bisibisi. Akaanza kukaza skrubu ya kwanza.