Paka Hahami

"Huyu si Hahami," afisa alisema, akaisukuma karatasi pembeni. "Chora tena."

Ilikuwa karatasi ya saba tangu asubuhi. Yoramu alifuta jasho la viganja kwenye suruali, akashika penseli.

Mezani yalikuwapo matoleo kumi na moja ya gazeti la mwezi, yote yamefunuliwa ukurasa wa nyuma. Huko ndiko alikokaa Hahami, paka mwembamba mwenye mkia uliopinda, ambaye Tabora nzima ilimjua na sasa hata Dar es Salaam walikuwa wakimcheka. Kila mwezi alitiwa kapuni na kupelekwa kijiji kipya pamoja na watu. Kila mwezi, katika picha ya mwisho, alikuwa amesharudi mahameni, amelala katikati ya mafiga yaliyopoa.

Chini ya kila picha paliandikwa jina: Yoramu Mayala.

Walimkamata mlangoni mwa ofisi ya gazeti, ameshika bahasha yenye picha za toleo la kumi na mbili. Hakukana. "Ni mimi," alisema, kabla hajaulizwa mara ya pili.

"Paka huyu ulimtoa wapi?" Afisa aliitwa Silasi. Alikuwa na sauti ya upole, na upole huo ndio uliotisha.

"Alikuwa paka wetu, ndugu. Tulipohamishwa kutoka kijijini kwetu, kule mbele ya Puge, mwaka juzi, tulimbeba kwenye kapu. Kesho yake hayupo. Nikamkuta kwenye nyumba ya zamani, paa limeshabomolewa, yeye amelala jikoni. Nikamrudisha. Akatoroka tena. Mara ya nne tulimkuta njiani, amekufa."

"Ndipo ukamchora."

"Siku hiyohiyo. Kwa mkaa, nyuma ya karatasi ya sukari. Majirani walicheka huku wanalia."

"Kwa hiyo unasema tulikosea kuwahamisha watu."

"Ni paka tu, ndugu."

"Basi nichoree huyo paka tu. Umemchora mwaka mzima, leo amekushinda?"

Karatasi ya nane. Masikio yakatoka kama ya sungura. Silasi akacheka kidogo.

"Unaharibu makusudi. Unataka niseme hujui kuchora, nikuachie."

"Hapana, ndugu. Haki ya Mungu najitahidi."

"Wajanja wa namna yako nimewaona wengi."

Yoramu aliinama juu ya meza. Alimfikiria Eustadia, mkewe, na mtoto wao Imakulata, miezi minne, bado ananyonya. Kila kitu kilitegemea mkono huu sasa. Akaukumbuka ule mgongo wa Hahami, unavyoanzia shingoni ukateremka hadi mkiani kwa mstari mmoja. Alikuwa ameutazama mara mia. Akauvuta. Ukamkatikia katikati. Chozi likaangukia karatasi, likaitia doa.

Silasi aliichukua, akaiweka kando ya gazeti. Akaangalia huku, akaangalia huku. Halafu akamwangalia Yoramu usoni, muda mrefu, na ule ukali uliojificha nyuma ya upole ukamtoka.

"Nenda zako, ndugu," alisema, akaenda kufungua mlango. "Hakuna mtu anayeweza kuigiza ubovu wa namna hii."

Yoramu hakuinuka. Aling'ang'ania ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Nipe karatasi nyingine. Moja tu. Nitampata."

"Nimekwambia uko huru."

"Nifungeni!" Yoramu alipiga kelele. "Jina langu lipo pale, mnataka nini zaidi? Nifungeni mimi!"

Silasi aliganda, mkono ungali kwenye kitasa. Akageuka taratibu.

"Hapa mjini unaishi na nani?"

"Peke yangu," Yoramu alisema haraka. Lakini nyuma ya bahasha paliandikwa mtaa na namba ya nyumba.

Gari la Silasi liliposimama mtaa wa Kanyenye, Eustadia alikuwa ameketi barazani, mtoto ananyonya. Kwa mkono uliobaki alikuwa akimchora Hahami, haraka haraka, wala haangalii karatasi.