Glasi ya Mama Mkwe

Mama yangu aliweka glasi ya maji mbele ya mume wangu, akaifunika kwa kisahani, akarudi kuketi bila kumtazama. Mtu na mkwewe, macho chini; tangu tuoane hawajatazamana usoni.

Glasi hiyo tunaijua. Mume wangu anaendesha katapila kwenye machimbo ya kokoto kule bondeni, jirani na kijito kinacholisha kisima cha mama. Tangu machimbo yaanze kumwaga tope kijitoni, kila tukija mama humpa maji ya rangi ya chai ya maziwa.

"Karibu, baba. Kazi ya mikono yako hiyo."

Naye huyanywa yote, mchanga ukimsaga meno.

Mwaka huu alimganda bosi wake kama ruba, mpaka akaruhusiwa kuchimba bwawa la kutuliza tope na kuiacha miti ya ukingoni isiguswe. Mvua zimenyesha, zimepita. Hii ndiyo mara yetu ya kwanza kuja tangu hapo.

"Funua basi," nikamwambia mume wangu. "Au unangoja yapoe?"

Akafunua. Akainua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha polepole. Hakuna hata chembe. Kupitia maji yale akamwona mama upande wa pili, waziwazi, anacheka hadi mabega yanatikisika.

Adabu zote za ukwe zikamtoka.

"Kumbe, mama!" akapaza sauti. "Mke wangu mwanya kautoa kwako!"