Chozi na Mti Usiozaa

Palikuwa na msitu mmoja, mpaka watu walipoukata katikati wakapanda miwa. Chozi, ndege mdogo mwenye choyo kikubwa, akabaki upande wenye mti mmoja tu wa maua mekundu. Utamu wote ukawa wake, lakini hakutulia. Kutwa alirukaruka tawi hadi tawi akilinda.

Asubuhi moja Nyuki alitua, mbawa zikimtetemeka kwa kuvuka shamba.

"Ondoka! Hapa pana mwenyewe," Chozi alifoka.

"Sikuja kukumalizia utamu, kaka. Nimebeba unga wa maua ya ng'ambo. Mti huu ukibaki peke yake hautazaa."

"Maua yamejaa tele. Hayana haja nawe!" Akamdonoa mpaka Nyuki akakimbia.

Maua yakapukutika bila kuacha tunda. Msimu uliofuata, vivyo hivyo. Wa tatu, mti ukaanza kukauka kwa uzee, na chini yake hapakuwa na mche hata mmoja. Chozi akalizunguka shina, akalizunguka tena. Mwisho akaruka juu ya miwa, upepo ukimyumbisha, akamkuta Nyuki ng'ambo.

"Dada, njoo kwangu. Kula utakacho."

Nyuki akamwonyesha bawa lililochanika siku ile alipodonolewa. "Mimi siwezi tena kuvuka. Wewe unaweza."

Chozi akazamisha mdomo katika ua la ng'ambo, akageuka na unga usoni, akarudi kwenye upepo. Kwenye mti wake yalikuwa yamebaki maua manne. Siku hiyo alivuka mara saba, na siku chache baadaye ua moja likageuka tunda.